Dawa ya Kahawa Pande Mbili za Mpaka

Dafroza alipoingia wodini alimkuta mdogo wake, Wenseslaus, amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Hata kuketi hakuweza. Pembeni yake polisi alikuwa anatafuna hindi la kuchoma.

"Shikamoo, mama," polisi akasema.

Dafroza alizishika pingu. "Pingu za nini? Huyu ni mgonjwa."

"Ni mtuhumiwa. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai."

"Basi nifunge na mimi! Mama yetu alipokufa ndimi niliyembeba huyu mgongoni. Nifunge!"

Manesi walikuja kumtuliza, lakini hakutulia. Wazee wa ukoo ndio waliohangaika kituoni mpaka Wenseslaus akaachiwa kwa onyo. Onyo! Dafroza alilirudia neno hilo njia nzima ya kupanda mlimani, kijijini kwao Kilema, kama mtu anayetema kitu kichungu.

Ilikuwa mwaka 1998, na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Wakiwa wamekaa kihambani, shamba la nyumbani, chini ya migomba, Wenseslaus alimweleza dada yake yote. Mkewe alikuwa amerudi kwao. Usingizi ulikuwa umemkimbia. "Nilichoka na kichwa changu mwenyewe, dada," alisema. Sumu ilikuwa dawa ya kupulizia kahawa; aliinunua mji mdogo wa Himo, dukani kwa Gidioni, wala hakuna aliyemuuliza neno.

Zamani dawa za kahawa zilikaa kwenye stoo ya chama cha ushirika, kwa kufuli, na bwana shamba alizigawa msimu wa kupulizia tu. Tangu soko lifunguliwe, kila mwenye kibanda aliziuza. Kwa Gidioni, Dafroza alizikuta zimepangwa kati ya sukari na madaftari.

"Namkumbuka huyo mdogo wako," Gidioni alisema. "Alikuwa analia. Nikadhani amefiwa."

"Ulimwona analia, ukamuuzia?"

"Mama, sasa ni biashara huria. Nisipouza mimi, atauza jirani."

Dafroza alipiga kaunta kwa kiganja mpaka mizani ikaruka. Kesho yake alirudi na akina mama wa jumuiya yake ya kanisani, wakaketi mlangoni mwa duka wakisali rozari kwa sauti. Wateja walipita mbali. Wakahamia duka la pili, kisha la tatu. Mwishowe wenye maduka wa Himo walikubali: dawa zikae kabatini kwa kufuli, wauziwe wakulima wanaojulikana, tena wakiwa wawili wawili.

Kisha Yohana, jirani yake wa mtaa wa chini, alivuka mpaka pale Holili akanunua dawa hiyohiyo Taveta, upande wa Kenya. Walimzika bila misa, kama walivyozikwa waliojiua, na wanakwaya walikatazwa kuimba. Dafroza aliimba peke yake, huku akimkazia macho katekista.

Akashuka mpaka ofisi ya serikali mjini Moshi. Ofisa alimsikiliza huku akipanga mafaili. "Taveta ni nchi nyingine, mama. Mambo ya ushirikiano wa Afrika Mashariki yanajadiliwa Arusha. Muwe na subira."

"Sisi tunazika, nyie mnajadili!"

Siku ya soko alivuka mpaka na kikapu cha ndizi. Taveta walimwelekeza kwa Eunike, mjane muuza nyanya, kiongozi wa kikundi cha wanawake. Dafroza hata hakusalimu vizuri. Alianza moja kwa moja: maduka yenu yanaua watu wetu.

Eunike aliweka nyanya chini. "Yetu? Mume wangu alinunua kwenu Himo! Nilimzika mwaka juzi. Wewe ulikuwa wapi?"

Dafroza alihesabu miaka. Mwaka juzi ilikuwa kabla hajapiga kaunta ya mtu yeyote, wakati Yohana alikuwa hai na Wenseslaus anacheka. Aliketi juu ya kreti, akalia kwa hasira. Eunike akaketi naye.

Walipoinuka walikuwa wamekubaliana. Maduka ya Taveta yabanwe kama ya Himo. Na habari zivuke pamoja na mizigo ya soko: mtu akianza kujitenga, akiacha kula, akivuka mpaka bila sababu, akina mama wa pande zote wajue, na aende mtu kukaa naye.

Haikuwa rahisi. Duka moja la Taveta liliuza kwa kificho, na Eunike alitukanwa hadharani sokoni. Lakini watu kadhaa walirudishwa kutoka njiani Holili, na bado wapo.

Miaka kadhaa baadaye wakubwa wa nchi tatu za Afrika Mashariki walikutana kwenye hoteli mjini Moshi kuzungumzia uuzaji wa dawa hizo mipakani. Dafroza alialikwa aje na kwaya ya kupokea wageni. Aliomba kusema. Akaambiwa asubiri kipengele cha mengineyo, mwishoni mwa kikao.

"Watu wangu hawako kwenye mengineyo," alisema kwa sauti iliyofika meza kuu, akatoka. Huko Kilema kulikuwa na baba mmoja aliyeacha kula, na Wenseslaus alikuwa ametangulia kwenda kukaa naye.