Kinachotoka Kinakwenda Wapi

Nilipokuwa mtoto pale Ibra, bara ya Maskati, joto likivunjika tu, kifua changu kilianza kutoa mluzi. Wenzangu walifurahia hewa nzuri na kucheza nje mpaka magharibi. Mimi nilifungiwa ndani na kitambaa shingoni. Bibi, mzaa mama, aliyeondoka Unguja akiwa msichana, aliuita msimu ule vuli, ingawa mvua ya vuli sisi hatukuwahi kuiona. Alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumbandua nayo: maradhi hayafi. Yakitolewa kwa mtu hutafuta pengine pa kukaa, na yasipopata hurudi palepale.

Mwaka mmoja nililazwa hospitali, nikatoka mifupa mitupu. Vuli iliyofuata mama hakungoja kikohozi kianze. Alisikia kazini kwamba kuna daktari wa Kichina mjini, mwanamke, anayewachoma watu sindano za kuupa mwili nguvu kabla ya baridi. Bibi akavaa buibui lake, akasema hatuendi bila yeye.

Daktari alizungumza Kiarabu cha kuungaunga. Alieleza kwamba msimu huu hewa kavu huyaonea mapafu, kwa hiyo nifunikwe shingo, ninywe vya moto, nipikiwe mapeasi kwa asali. Bibi aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Huyu kalelewa," akamwambia mama kwa Kiswahili.

Kisha zikatoka sindano, nyembamba, wala hazikuniuma. Nilizitazama zimesimama mikononi na miguuni mwangu, nikashindwa kujua nilie au nicheke. Daktari alipotoka kidogo, Bibi alimgeukia mama.

"Na kinachotoka kinakwenda wapi?"

"Mama, hakuna kinachotoka. Hii ilimu ya watu."

"Kwani umemwuliza?"

Daktari aliporudi alimkuta Bibi keshapanda kitanda cha pili, kavua viatu, kakunja mikono ya kanzu. Hakuwa akiumwa popote. Alimwambia kwa Kiarabu na yeye atiwe, palepale alipotiwa mtoto. Mama akaona haya. Daktari, nadhani, aliona kapata mgonjwa wa pili, akamtia. Bibi alilala kanielekea, midomo ikisoma, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa.

Vuli ile sikukohoa. Alikohoa Bibi.

Baridi ilipokolea, hakuweza tena kusali kwa kusimama. Mama alimpeleka Maskati, akaambiwa mapafu yameharibika tangu zamani, labda kwa moshi wa kuni. Siku moja nilikaa miguuni pake nikamwuliza kama kile kikohozi ni changu.

"Chako kipi?" akasema. "Huna kitu wewe. Kacheze."

Alifariki kabla tende hazijaiva.

Sasa ninafanya kazi maabara, Nizwa. Najua kikohozi hakipiti kwenye sindano, na najua pumu ya watoto wengi huondoka yenyewe wakikua. Hayo nayajua vizuri, na hayajanisaidia sana. Kuna siku navuta pumzi nzima asubuhi ya ubaridi nikajihisi nimekula cha mtu. Kuna siku namkasirikia, kwa sababu hakuniuliza. Na kuna siku nakumbuka alivyokunja ile mikono ya kanzu, nikacheka peke yangu.

Vuli hii binti yangu kaanza mluzi. Ana dawa yake ya kuvuta, shingo nimemfunika, mapeasi nampikia. Juzi alasiri alikuwa kalala mkekani, kifua kikimpanda na kushuka, nikajikuta nimejilaza ubavuni pake, mdomo wangu karibu na mbavu zake, nikinong'ona kwa Kiswahili ambacho yeye hakijui vyema: "Haya, hamia huku."

Sikujua nilikuwa nikisema na nani, na niliogopa. Lakini maneno yale sikuyafuta.