Farasi Jike wa Mwisho

Bibi niliyemfanyia kazi nje kidogo ya Louisville aliwajua mama za farasi wake kuliko alivyowajua wajukuu zake. Akiwataja, alianza na mama, akaenda kwa mama wa mama, mpaka akafika kwa farasi jike aliyenunuliwa kwa Mabedui jangwani na kuletwa Amerika kwa meli, kabla bibi mwenyewe hajazaliwa. Koo nyingine zilizoletwa namna ile zilikuwa zimeshapotea. Wenye farasi walikufa, watoto wao wakawauzia farasi watu wasiojali ukoo, basi. Ukoo wa farasi wa bibi ulikuwa umebaki kwa farasi jike mmoja mzee, mweupe, mwenye hasira kama zangu.

Nilifika pale mwaka 2015, baada ya mgongo wangu kukataa kazi ya ghala. Siku ya kwanza bibi alinieleza kuwa ukoo wa farasi hawa unahesabiwa kwa mama, hata baba awe nani. Nilifurahi mno. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, nina mabinti watatu, na mama mkwe wangu alikuwa akinipigia simu kutoka Buffalo kila Jumapili.

"Mwanangu, bado unazaa wageni tu?"

Kwake binti ni mgeni: unamlisha, anaolewa, anaondoka. Nikajiambia kumbe duniani kuna watu wenye akili, ila akili yao wamewawekea farasi.

Farasi yule alikuwa amezaa mara mbili, madume yote mawili, na bibi aliwahasi akawauza. Sasa alitaka jike. Bila jike, ukoo ungekwisha. Daktari wa mifugo alimwonya kwamba farasi amezeeka mno kubeba mimba. Bibi akasema ndiyo maana ana haraka, akaagiza mbegu kutoka Columbus, zikaja kwenye boksi lenye barafu. Miezi yote ile mimi ndiye niliyemkanda miguu iliyovimba. Bibi alikuwa akija, anampapasa tumbo, anaondoka bila kumtazama usoni. Nilimchukia.

Uchungu ulimshika farasi asubuhi, mtoto akakwama. Daktari alihangaika, mkono umezama mpaka begani, mwisho akasimama.

"Siwezi kuwaokoa wote wawili," alimwambia bibi. "Nikimpasua hapa, mtoto anaishi, mama anakufa. Nikimtoa mtoto vipandevipande, huenda mama akapona."

"Mtoto," bibi alijibu. Hakufikiri hata kidogo.

Nilimshika kichwa farasi wakati anapasuliwa. Alidungwa dawa ya usingizi kwanza, nashukuru kwa hilo. Mtoto akatoka, amelowa, anapumua. Mimi nilikuwa karibu, nikaona.

"Dume!" nilipaza sauti, na kabla sijajizuia nikapiga kigelegele.

Mimi! Mabinti zangu watatu walizaliwa watu wakiangalia chini, hakuna aliyewapigia kigelegele hata kimoja, nami kumbe nilikuwa nimekiweka akiba cha dume miaka yote hiyo, nikampigia mtoto wa farasi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nyamaza," bibi alisema. "Umekwisha. Ukoo umekwisha."

Hakulia. Angelia, ningemsamehe.

Mama alikuwa ameshakufa lakini bado ana joto. Nilichuchumaa nikamkamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kwenye kikombe changu cha chai. Mtoto alikuwa akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Mlangoni bibi alikuwa akimwambia daktari kwamba hana jike wa kumnyonyesha huyu, wala hana haja naye, ammalize.

"Bibi, nipe mimi," nilisema. "Nitamlea."

"Wewe unaishi ghorofa ya tatu."

"Nitamlelea hapahapa. Usinilipe mshahara."

"Hapa hapatakuwa na farasi tena."

Daktari alifungua mkoba wake, akatoa sindano. Mtoto alikuwa amefaulu kusimama, miguu imetawanyika, na alikuwa anakuja kwangu akifuata harufu ya maziwa. Daktari alimshika shingo. Nilimwomba angalau amwache anywe kwanza. Akamgeukia bibi, na bibi akatikisa kichwa kukataa.