Siku Niliyomchora Mama Akizunguka

Kitenge kipya kina harufu yake, ya wanga na rangi, na nyuma yake kitu kama mafuta ya taa. Nyumbani kwetu Bwera harufu hiyo ilitoka mwilini mwa mama yangu, imechanganyika na jasho lake, kwa sababu vitenge vyetu vilivuka mpaka vikiwa vimezungushwa kiunoni mwake na kufungwa kamba, chini ya gomesi, lile gauni pana la kina mama wa Uganda. Asubuhi ya siku ya soko Mama alitoka mwembamba, akashuka Mpondwe na kuvuka daraja kuingia Kongo. Alasiri alirudi mnene, akitembea kwa hatua fupi, akiitikia salamu za watu kwa kichwa tu maana pumzi ilikuwa ya shida. Akishafika ndani alifunga mlango, akanipa ncha ya kitambaa, nami nikarudi nyuma hadi ukutani nikivuta huku yeye akizunguka katikati ya chumba. Kilitoka kitenge cha ndege, kikafuata cha maua, kikafuata cha funguo na kufuli, na Mama akapungua mbele ya macho yangu mpaka akabaki yule wa asubuhi. Halafu tulikunywa chai. Nilidhani kina mama wote duniani hurudi nyumbani hivyo.

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la tano, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye maneno mengi kuliko haja. Muhula ule alitujia mwalimu kijana kutoka Kasese mjini, aliyekuwa bado kwenye mazoezi ya ualimu, akatufundisha kuchora. Siku ya kwanza karibu darasa zima tulichora milima yenye theluji, theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa. Mwalimu alizikusanya zile karatasi, akacheka kidogo, akatuambia turudi nyumbani tukaangalie kitu tunachokiona kila siku, tukiangalie kama mtu aliyeshuka jana kwenye lori kutoka nchi ya mbali na hajui chochote cha hapa. Ndicho hicho tukichore. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilirudi nyumbani nikasubiri Mama aingie.

Siku ile nilipovuta ncha ya kitenge niliangalia kweli. Niliona kwamba Mama alifumba macho alipozunguka. Niliona mkono wake mmoja ukipapasa hewani kutafuta meza, kwa sababu kizunguzungu kilimshika kila mara na hakuwahi kuniambia. Na kitambaa cha mwisho kilipoanguka niliona alama za kamba kwenye ngozi ya kiuno chake, nyingine mbichi, nyingine zimekuwa nyeusi. Nilikuwa nimevuta vitenge vile karibu miaka mitatu, na sikuwa nimeona hata moja kati ya hayo. Nilishikwa na kitu cha ajabu, nusu huruma na nusu furaha, maana nilijua nimepata picha yangu. Nilichora siku mbili. Nilimweka Mama katikati, mdogo, macho yamefumbwa, alama za kamba kiunoni, na vitenge vikamtoka na kujaza karatasi yote hadi pembeni, ndege na maua na funguo. Mwalimu aliiangalia, kisha akaibandika ukutani mahali pa mbele kabisa, kwenye kimo cha macho ya watu wazima.

Siku ya wazazi kutembelea shule ilikuwa pia siku ya soko, kwa hiyo Mama hakuja. Alikuja baba yake Apio, rafiki yangu wa dawati moja. Walikuwa watu wa kaskazini, wakiishi kambi ya polisi, na afande huyo alikuwa mmoja wa waliosimama darajani kukagua wanaovuka. Alikuwa mtu mcheshi. Mama alikuwa akitusimulia namna alivyomtania kila alipopita, "Mama, Kongo kuna chakula tamu sana, eh?" Kwake yeye Mama alikuwa mwanamke mnene anayependa kula ng'ambo, basi.

Alisimama mbele ya picha yangu, mikono nyuma, na tabasamu lake. "Hii imechorwa na nani?" Apio akanisukuma mbele. "Mutoto, hii umechora nini? Huyu mama anacheza?"

"Hapana, afande. Ni mama yangu, anafungua vitenge."

"Anafungua vitenge namna gani?"

Sasa hapa ndipo nilipo na kesi mpaka leo. Ningeweza kusema sijui. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu kwa hamu vile, na sifa ni tamu. Nilimweleza. Nilimwonyesha kwa mikono yangu jinsi vinavyozungushwa, jinsi kamba inavyofungwa, vingapi huvaliwa chini na vingapi juu. Katikati ya maelezo niliona tabasamu lake likitoka usoni polepole. Nililiona. Nilijua kuna kitu nimevunja. Na nikaendelea kueleza, kwa sababu nilikuwa sijafika kwenye alama za kamba, sehemu niliyoichora vizuri kuliko zote. Alinipapasa kichwa akasema, "Umefanya kazi muzuri," akaondoka na Apio.

Siku ya soko iliyofuata Mama aliingizwa kwenye chumba kilichokuwa karibu na daraja. Mwanamke mwenye sare alimfungua kitenge kimoja kimoja mbele ya wanawake wengine waliopangwa wasubiri zamu zao. Hapakuwa na mtu wa kushika ncha. Kitambaa kilivutwa kikaanguka sakafuni. Vyote vilichukuliwa kwa kukwepa ushuru, na mtaji wetu ukaenda navyo. Kuanzia siku ile kila mwanamke mwenye nyonga pana aliangaliwa upya pale darajani, hata waliozaliwa nazo. Mama alirudi mwembamba saa ambayo alipaswa kurudi mnene, akakaa kitandani na gomesi yake imemlegea. "Mutu ametuuza," alisema. "Mutu mwenye anajua mpaka kamba."

Mtu huyo, kwa hesabu ya Mama, alikuwa Hajara. Hajara alikuwa rafiki yake wa damu, ndiye aliyemfunga vitenge kule ng'ambo karibu kila safari, lakini soko lililotangulia, siku ile ya wazazi, hakuvuka. Nani mwingine alijua kamba inafungwaje? Mama alimwendea hadi mlangoni kwake, akamtukana mchana kweupe, majirani wote wakisikia. Nilisimama nyuma ya Mama nimeshika kanga yake. Hajara alikana mara moja, halafu macho yake yakaniangukia, akanyamaza. Niliona kama amenisoma usoni, nikangoja anitaje, na hakunitaja. Tangu siku hiyo Mama hakumwitikia hata salamu, yeye anayeswali sala tano na anajua salamu ni deni la Mungu.

Leo naishi Kasese mjini, nachora mabango ya saluni na maduka ya nyama, na watu hunisifu kwamba nikichora kichwa cha mbuzi mteja anamwona mbuzi kwa mara ya kwanza. Mama alihamia kwangu. Hajara naye yuko hapa, anauza mchele sokoni. Mwaka huu nilijikaza nikaenda kwenye meza yake, nikamwambia kila kitu, machozi yakinitoka mbele ya wateja. Alinisikiliza huku akiendelea kupima mchele.

"Mimi nilijua siku nyingi," alisema. "Ile siku ya wazazi sikuvuka, nilifika kwa shule kuchukua ripoti ya mutoto yangu. Niliona picha. Nilikusikia vile ulikuwa unaelezea afande. Nilifikiri atacheka tu, vile kawaida yake."

Nilimuuliza kwa nini alikubali kutukanwa.

"Ningesema, mama yako angekuua na fimbo. Ulikuwa mutoto, na ile picha ilikuwa muzuri." Alifunga mfuko wa mchele, akanipa. "Sasa wewe iko mukubwa. Mwambie. Mimi sitaki kitu ingine, nataka tu anisalimie."

Niliahidi. Ni miezi mitatu sasa. Kila jioni nakaa na Mama, namtazama, najua mkunjo ulipo kwenye kila kidole chake, na neno halitoki. Wakati ule nilisema nilipopaswa kunyamaza, na naweza kusingizia utoto. Sasa nina miaka zaidi ya ishirini na sina cha kusingizia. Ijumaa iliyopita tulipita sokoni pamoja, Mama kanishika mkono kwa sababu ya magoti. Hajara alisimama nyuma ya meza yake, akasema, "Asalaam aleikum." Mama alitazama mbele, akanivuta tupite, nami nikapita.