Ndama Aliyeifuata Mashua Yetu

Marehemu mume wangu, Delbert, aliongoza mashua ya ukoo wake hapa Savoonga, kijiji chetu cha kisiwani Alaska, kwa miaka mingi, na msimu mmoja tu alirudi bila nyama. Msimu huo ndio ambao watu hupenda kuusimulia. Sasa wajukuu wangu wanauliza kama babu yao alikuwa mwoga. Mimi nilikuwemo, na niliyoyaona ni haya.

Tulikuwa tunarudi kutoka kambi ya uwindaji: Delbert kwenye usukani, mdogo wake Chester mbele na bunduki, mimi katikati na binti yetu mchanga, Winnie, kifuani. Ukungu ukatufunika ghafla. Delbert akazima injini. Tuliwasikia walrasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe mbili mdomoni, wakikoroma juu ya barafu, ila hatukujua ni upande gani.

Chester akachoka kungoja. Akazungushia viganja mdomoni, akabweka kama ndama wa walrasi aliyepotea. Wawindaji wetu humvuta jike hivyo, lakini si katika ukungu, tena mashua ina mtoto.

"We, umerukwa na akili?" Delbert alinong'ona.

"Jike mmoja tu, kaka. Shemeji mwenyewe anatamani ini, muulize."

"Funga mdomo."

Aliyeitikia alikuwa ndama wa kweli. Aliibuka, akaegemeza kidevu ubavuni mwa mashua iliyovikwa ngozi ya walrasi jike, akaanza kubweka kwa nguvu. Mikoromo ikakatika. Kisha tukasikia miili mizito ikiporomoka majini, mmoja baada ya mwingine.

Jike la walrasi halimwachi mwanawe hata akifa. Mama wa ndama yule aliibuka karibu nami kiasi kwamba pumzi yake, yenye harufu ya kombe za baharini, ilinipiga usoni. Pembe yake ikatoboa ngozi kando ya goti langu, na ilipochomoka maji ya barafu yakaingia.

"Nimpige? Kaka, nimpige?" Chester alikuwa analia.

"Ukipiga, kundi zima litatujia. Weka chini! Mama Winnie, ziba."

Nikasokomeza kwenye tundu kipande cha mafuta ya walrasi tulichobeba kwa kuzibia, huku nikimnyonyesha mtoto asilie. Vichwa vyenye sharubu vilikuwa vimetuzunguka. Delbert akapitisha kasia chini ya kifua cha ndama, akamsukuma taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani kwao. Mama yake akamkumbatia kwa mapezi, akazama naye. Vile vichwa navyo vikapotea, kimoja kimoja.

Pwani, watu walichungulia mashua, wakaliona tundu la pembe.

"Delbert, mwaka huu umetuletea ukungu?"

"Ati jike moja tu limemkimbiza!"

Chester akafungua mdomo aseme kosa ni lake. Delbert akamkanyaga mguu.

"Nahodha ni mimi," akasema. "Nimerudi bila nyama. Basi."

Chester hakubweka tena maishani mwake. Na kila machipuko, mpaka alipokufa, ini la walrasi wake wa kwanza alilileta mlangoni kwetu kwa mkono wake mwenyewe.