Binti wa Igalula Anayesomea Ubongo

Jamani, kuna damu nimeificha tangu enzi za kuhamia vijiji vya Ujamaa.

Leo mjukuu wangu kaja na mwenzake wa chuo, binti wa kijiji cha Igalula, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Wamechaguliwa kujifunza utafiti wa ubongo.

"Kwa nini ubongo, mama?" nikamuuliza.

"Babu yangu Masanja alianguka kifafa mpaka akafa. Bibi akaitwa mchawi, akapigwa mawe. Nataka kujua kilichompata babu kichwani."

Kikombe kikanidondoka.

Mjukuu akacheka: "Babu naye, anaogopa wachawi!"

Nitukaneni hapa chini, lakini someni kwanza.

Masanja aligoma kubomoa nyumba yake ahame. Mimi, mgambo wa kuhamisha watu, nilimpiga rungu kichwani mara tatu, kisha alipoanza kuanguka kifafa nikawaambia watu mkewe kamroga.