Kosa la Kalamu Nyekundu

Wanafunzi wake wa jioni, watu wazima waliokuja na uchovu wa kazini, walimwita mwalimu wao Kalamu Nyekundu akiwapa mgongo. Alijua, wala hakujali. Miaka kumi na tisa alikuwa akisahihisha makosa yale yale ya Kiingereza. Fundi cherehani alimwandika mumewe kama mwanamke, kwa sababu kwa Kiswahili yeye ni yeye tu, awe mume awe mke. Dereva wa lori alichanganya kuazima na kuazimisha mpaka darasa likamzoea.

Jumanne asubuhi mama yake alifariki. Kaka yake, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alipiga simu akiwa njiani kuja maziko na mkewe. Binti yao alikuwa shule ya bweni huko huko, na Kiswahili hakukijua.

"Dada, mimi siwezi. Mwandikie wewe, Kiingereza ndiyo kazi yako."

"Sawa."

Akaandika mistari minne katika chumba cha walimu. Alikagua mikato, akatuma, akachukua chaki akaenda kufundisha, kwani hakuona pengine pa kwenda.

Jibu liliingia katikati ya kipindi. Neno la Kiswahili lilikuwa moja tu, Shangazi. Mengine yalikuwa maswali: Bibi amezinduka? Yuko hospitali gani? Mwambieni shule ikifungwa tu ninakuja.

Akausoma ujumbe wake mwenyewe. Aliandika "passed out" badala ya "passed away". Alikuwa amemwambia mtoto kwamba bibi yake amezimia.

"Mwalimu, kuna nini?" aliuliza muuguzi aliyekaa mbele.

"Nimekosea neno."

Darasa likaangua kicheko. "Hata wewe?" dereva alisema.

"Hata mimi." Akayaandika yote mawili ubaoni, moja juu ya jingine. "Hili ni kuzimia. Hili ni kufariki."

"Kwani nani amefariki?"

"Mama yangu. Leo asubuhi."

Kicheko kikakatika kama kimefungiwa mlango. Mwalimu akatoka darasani, safari hii akapiga simu. Mtoto alikataa kuamini kwanza. Si umeandika mwenyewe, alisema. Shangazi akamwambia aliandika vibaya, bibi ameshaondoka. Kilio kilipoanza hakuisogeza simu mbali na sikio. Alisimama akitazama rangi iliyobanduka ukutani, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, akajibu "ndiyo" na "pole" mpaka mtoto akachoka.

Aliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka. Muuguzi alikwishafuta ubao na kukusanya madaftari. Dereva akamfikisha nyumbani.

Kaka yake alifika kesho yake, macho mekundu.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mara mbili."

Kaka aliketi kwenye kiti cha mama, na dada mtu akamwangalia, akingoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja siku ile, wala siku ya maziko.