Mguu wa Oiva

Oiva Kemppainen alikuwa jirani yangu tangu nilipoolewa huku Kainuu. Nyumba zetu zilitazamana, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba hata chumvi. Si kiburi. Kwetu Finland mtu mwema ni yule asiyesumbua wenzake, na Oiva alikuwa mwema kupita kiasi, mpaka nilitamani kumzaba kofi.

Mkewe alipofariki alibaki na redio na birika la kahawa. Kisha ikaja saratani ya damu. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, na nesi alimwonya nikisikia: "Ugonjwa huu, pamoja na dawa zake, unafanya damu igande upesi. Mguu mmoja ukivimba, piga simu siku hiyohiyo. Bonge la damu likipanda mapafuni, linaua." Oiva akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Jumamosi moja nilimpelekea mikate ya iliki. Nikamkuta kwenye ngazi za sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke, amejifunga taulo, mwekundu, anajichapa kigimbi kwa fungu la matawi, kama tufanyavyo saunani. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi unang'aa.

"Tangu lini huo?"

"Juzi. Utapungua tu, joto linatoa kila kitu."

"Oiva! Nesi alikwambiaje?"

"Nesi ana wagonjwa wake. Leo watu wamepumzika. Nitapiga Jumatatu."

"Jumatatu utapigiwa wewe, kengele ya kanisa! Mzee mkaidi!"

Akacheka, kicheko kikakatika, akashika kifua. "Sauna, pombe kali na lami visipoponya, Raili, ndiyo safari hiyo." Ni msemo wetu wa tangu zamani, na siku hiyo niliuchukia kwa moyo wote.

Nikapiga simu mwenyewe. Gari la wagonjwa lilipofika, Oiva alimwomba dereva radhi kwa ubovu wa barabara.

Hospitali walimwekea dripu ya kuzuia damu isigande. Nesi wa wodi akauliza mtu wake wa karibu ni nani. Oiva akatazama dari, nami nimesimama palepale na viatu vyake mkononi.

"Mwandikeni Raili," akasema mwishowe. Jamani, nilifurahi! "Lakini msimpigie. Ana shughuli zake."

Nikamwambia aache upuuzi, nikamfinya bega, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nilimaliza kazi za zizini, nikaenda na nguo zake safi. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka zimeshaondolewa. Bonge lilikuwa limepanda.

"Mbona hamkuniita?" nikauliza.

Nesi akanishika mkono. "Pumzi zilipoanza kumpungua nilichukua simu, mama. Alikuwa na akili zake timamu. Akanizuia, akasema saa hizo unakamua, ng'ombe wasicheleweshwe."